Ukionyeshwa Selmer Mark VI Lubumbashi: mwongozo kamili wa kuichunguza kabla ya kutoa pesa

Majira ya kiangazi yakiingia hapa Lubumbashi, orkestra zikianza kuitwa kwenye harusi kila Jumamosi, simu yangu hulia kwa jambo lile lile. "Yaya, kuna papa mmoja hapa Kamalondo ana saksafoni ya zamani ya Selmer. Anasema ni Mark VI yenyewe. Njoo uione kabla mwingine hajaichukua." Nikifika namkuta kijana ameshalikumbatia kasha, moyo wake umeshanunua, na mwenye mali ameshaliona hilo usoni mwake.

Mwongozo huu ni yale ninayofanya siku hiyo, tangu kabla ya kufungua kasha mpaka wiki ya tatu baada ya kununua. Namwandikia mpuliza saksafoni wa kwetu, ambaye hana duka la kurudishia mali mbovu, na ambaye pesa anayoitoa ni akiba ya miaka.

Maneno nitakayotumia ni yale ya kwenye mazoezi yetu. Beki ni kile kipande kinachoingia mdomoni, na anshi ni ulimi wa mwanzi unaofungwa juu yake. Bokali ni shingo iliyopinda. Kengele ni kinywa kipana cha mbele. Tamponi ni yale mabamba madogo ya ngozi yanayoziba matundu, kle ni vifuniko na vyuma vyote tunavyobonyeza, na resori ni visindano vya chuma vinavyorudisha kle mahali pake. Nota nazitaja kwa do, re, mi, kama tulivyofundishwa kwenye fanfari, yaani bendi ya vyombo vya kupuliza; diezi ni kupandisha nusu nota, bemoli ni kushusha nusu nota.

Sifa hii ilitoka wapi

Saksafoni yenyewe ni kazi ya Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant, aliyepata hati ya uvumbuzi wake Paris mwaka 1846. Kampuni ya Henri Selmer ilianza kutengeneza saksafoni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kiwanda chake kiko Mantes-la-Ville, magharibi ya Paris. Mwaka 1936 hivi ikatoka Balanced Action, kisha mwishoni mwa miaka ya 1940 Super Balanced Action, na mwaka 1954 Mark VI. Alto (saksafoni ndogo kiasi) na tenor (kubwa kuliko alto) za Mark VI ziliendelea kutengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 1970, Mark VII ilipochukua nafasi.

Jambo kubwa la kwanza ni mkono. Saksafoni nyingi kubwa za Marekani za kabla ya hapo, kama Conn, zilikuwa na sauti ya kujaza ukumbi bila maikrofoni, lakini vidole viliteseka: matundu yamejipanga kwenye mstari mmoja, kle za kidole kidogo cha kushoto ni nzito, na mtu mwenye mkono mdogo huzihangaikia. Kwenye Super Balanced Action, Selmer waliyasogeza matundu pembeni kidogo yafuate jinsi mkono wa binadamu unavyokaa. Mark VI ikakamilisha kazi hiyo. Leo ukishika Yamaha, Yanagisawa, au hata saksafoni ya bei ndogo kutoka China, vidole vyako vinakaa karibu pale pale Mark VI ilipoviweka. Hiyo ndiyo sifa ambayo hakuna mpuliza anayeibishia.

La pili ni sauti. Mark VI nzuri ina kiini: hata ukipuliza polepole, nota inasimama wima, haitawanyiki. Ukitaka kuitia giza inakubali, ukitaka kuiwasha mbele ya trampeti tatu inakubali pia. La tatu ni waliopuliza. John Coltrane, Sonny Rollins, Joe Henderson, baadaye Michael Brecker na David Sanborn: kizazi baada ya kizazi kilisikia sauti hizo kwenye sahani za santuri na kuuliza ni chombo gani. Kwetu Kongo saksafoni ilikuwa imeshashika mizizi kwenye rumba wakati huo huo. Fud Candrix, Mbelgiji, alirekodi Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950. Jean-Serge Essous alikuwepo orkestra ya OK Jazz ilipozaliwa mwaka 1956, akafuatwa na Isaac Musekiwa, mzaliwa wa Rhodesia, na mwaka 1963 Verckys. Mzee yeyote wa hapa aliyekua akiwasikia hao akiona neno Selmer kwenye kengele, mikono yake inatetemeka. Namwelewa kabisa.

Lakini sifa hiyo imebeba na mizigo isiyo yake, na mizigo hiyo ndiyo inayowapotezea watu pesa.

Mzigo wa kwanza ni namba ya kiwandani yenye tarakimu tano. Utasikia: "Hii ni tarakimu tano, hiyo ndiyo nzuri, za sita hazifai." Ukweli ni kwamba Mark VI zilianza kwenye namba elfu 55 na ushee, zikapita 99999 mnamo 1962, zikaendelea mpaka zaidi ya 220000. Namba hizo zilihesabu saksafoni zote pamoja, soprano kwa baritoni, si tenor peke yake. Kwa hiyo tarakimu tano maana yake ni moja tu: ilitengenezwa kabla ya mwaka huo. Tenor ya Michael Brecker ilikuwa namba 86351. David Sanborn, ambaye alto yake wote wanaijua kwa nota mbili tu, alizitafuta zile za kati ya 140000 na 150000. Sauti mbili zilizoigwa kuliko zote katika miaka 50 hii zinatoka pande mbili za ule mstari. Za mwanzo kweli zina ladha yake, nami binafsi napenda tenor za mwishoni mwa miaka ya 1950, ila nimeshika za tarakimu tano zilizochoka kabisa, na za tarakimu sita ambazo sikutaka kuzirudisha kwa mwenyewe.

Mzigo wa pili ni hadithi ya madini. Ulaya na Marekani wanasimuliana kwamba shaba yake ilitokana na maganda ya risasi za mizinga yaliyoyeyushwa baada ya vita. Vita vilikwisha 1945, Mark VI ikatoka miaka tisa baadaye, na kwa miaka ishirini zaidi ikaendelea kutoka. Hapa kwetu hadithi imepata sura ya nyumbani: nimemsikia mzee wa commune Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akiapa kwamba ni shaba ya Likasi ndiyo inayolia mle ndani. Inanigusa kuisikia, maana shaba yetu ilisafiri kweli kwenda Ulaya kwa maelfu ya tani. Hata hivyo saksafoni ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na kinachoamua sauti ni umbo la bomba kwa ndani: linaanza na upana gani kwenye bokali, linapanuka kwa kasi gani, matundu yako wapi na yamezibwa sawasawa kiasi gani. Ndiyo maana mbonyeo mmoja mahali pabaya unaharibu kazi yote ya Mantes.

Hatua ya kwanza: uliza historia, kasha likiwa bado limefungwa

Kaa chini, kunywa maji uliyopewa, na uulize kwa heshima. "Papa, saksafoni hii ilifika kwako kwa njia gani?" Atakayesema "ya baba yangu, alipuliza kwenye fanfari ya wamisionari" mwulize fanfari gani, na chombo kilikuwa cha baba au cha misheni. Swali hili si la udadisi. Vyombo vingi vya zamani hapa vilikuwa mali ya parokia, shule au kampuni ya madini, na vilibaki mikononi mwa mpulizaji wa mwisho fanfari ilipovunjika. Rafiki yangu alinunua alto safi, miezi minne baadaye akaitwa na wazee wa kanisa moja wakiwa na daftari lenye namba ile ile. Aliirudisha, na pesa yake haikurudi.

Kama jibu linayumba, au kama bei inashuka kabla hujasema neno, aga vizuri uondoke.

Hatua ya pili: soma nakshi na namba

Fungua kasha kwenye mwanga wa jua. Tazama kengele. Unatafuta jina Henri Selmer pamoja na neno Paris. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu Selmer ya Marekani iliuza pia saksafoni za wanafunzi zenye jina Bundy na Signet, na jina la Selmer linaonekana humo. Bundy ni chombo kigumu, cha kweli, kimefundisha maelfu ya watoto, lakini si Mark VI na bei yake ni sehemu ndogo sana. Nimeshaona Bundy ikidaiwa bei ya Mark VI hapa mjini, na muuzaji akiamini kabisa anachosema.

Namba iko nyuma ya mwili, upande wa kidole gumba cha kulia. Iandike kwenye daftari, ipige picha. Tazama maumbo ya tarakimu: zinatakiwa ziwe zimezama sawasawa, kingo zake kali. Namba iliyofifia, kama imepakwa siagi, inakuambia mwili uling'arishwa kwa mashine kabla ya kupakwa vanishi upya. Nakshi za maua kwenye kengele zinatoa ushuhuda huo huo. Pitisha ukucha juu yake. Nakshi ya asili inaukwaruza ukucha, iliyosuguliwa inateleza. Vanishi mpya ikiwa imemwagika ndani ya michoro na kuifunika, jua kwamba ilipakwa baadaye.

Je, vanishi mpya ni kasoro? Kwa bei, ndiyo, inashusha sana. Kwa sauti, tatizo ni ule usuguaji uliotangulia, kama ulikula chuma na kulegeza nguzo, vile vijiti vinavyoshikilia vyuma vya kle. Tenor iliyopakwa upya kwa uangalifu inaweza kulia vizuri ajabu, na kwa mpulizaji asiye na pesa nyingi hiyo ndiyo bahati yake: analipia chombo, halipii ngozi yake.

Zile zenye kle ya fa diezi ya juu na zisizo nayo, watu hubishana mpaka usiku. Mimi siiweki kwenye hesabu.

Hatua ya tatu: mwili

Toa bokali, shika mwili kama seremala anavyokagua ubao kama umenyooka: jicho moja kwenye ncha, tazama urefu wote wa bomba na vyuma virefu vinavyopita juu yake. Mwili uliopinda, hata kidogo, unavuta nguzo, na kle zitakuwa nzito au hazitafunga hata ubadilishe tamponi mara kumi. Kuupinda ni rahisi: chombo kikianguka kwa kengele, mwili ndio unaopokea pigo.

Kisha tafuta mibonyeo. Ile ya chini kwenye pinde, pale bomba linapojikunja kurudi juu, ni ya kawaida na haitishi. Iliyo karibu na tundu inatisha, kwa sababu mdomo wa tundu hauko sawa tena na tamponi haitakaa. Juu kwenye bomba jembamba, mbonyeo mdogo kama punje ya mahindi unaweza kuharibu nota, ambao chini kwenye kengele usingesumbua. Tazama kila kiungo: matone ya lehemu ya rangi ya kijivu yaliyoganda ovyo ni alama ya fundi wa radiator. Ukiona rangi ya kijani, usiogope. Ni shaba ikila hewa na jasho, ndugu wa karibu wa ile malakiti tunayoiuza kwa wageni, na inaondoka. Kinachotisha ni vidoa vyekundu vilivyozama kwenye bokali, maana pale zinki imetoka na chuma kimebaki dhaifu.

Hatua ya nne: bokali, na hapa usiwe na haraka

Kama una nusu saa tu, tumia dakika kumi kwa bokali. Ndiyo mwanzo wa bomba, na kosa lolote pale linasikika kwenye kila nota.

Kwanza namba. Bokali nyingi za Mark VI zimegongwa namba ile ile ya mwili. Zisipolingana, chombo bado kinaweza kuwa kizuri, lakini bei ishuke, na wewe uwe mkali zaidi kwenye hatua ya kupuliza.

Pili, kuinama. Mtu anapoingiza beki huku ameegemeza uzito wote juu ya bokali, miaka ikipita shingo inashuka. Ishike kwa ubavu, tazama tumbo lake la chini pale inapopinda. Bomba linatakiwa liwe duara. Lililoshuka linakuwa kama yai, na kwa chini unaona wimbi dogo, mara nyingine unalihisi kwa kidole kabla ya kuliona. Fundi mzuri anaweza kulinyanyua, lakini asiye mzuri atalipasua. Tenor niliyonunua zamani bila kumwuliza mtu ilikuwa na wimbi hilo. Nilidhani ni umbo lake. Kwa mwaka mzima nilisahihisha nota za juu kwa taya, mpaka taya ikaniuma, na nilikuwa nimeilipia bei kamili.

Tatu, kuvuja. Ziba mdomo mpana wa bokali kwa kiganja, bana kle ndogo ya oktava kwa kidole, puliza upande wa koki, yaani ule uliozungushiwa kizibo laini cha kushikia beki. Hewa isitoke popote.

Nne, maungio. Ichomeke mwilini, kaza skrubu, ishike karibu na kiungo na uitikise kidogo. Ikicheza, hewa inapotea pale pale juu, na nota za chini hazitakupa raha. Tazama pia mwanya wa pete inayobanwa na skrubu: ukifungwa wote na bokali bado inacheza, chuma kimelika. Fundi mwenye kifaa anaweza kukitanua. Asije mtu akakufungia karatasi au uzi pale.

Hatua ya tano: kle na resori

Bana kila chuma kirefu kwa vidole viwili, kisukume kushoto na kulia. Kusogea kwa unywele si neno. Kukisikia "tak, tak" ni uchakavu, na ikiwa mwili mzima ni hivyo, umepata saksafoni iliyofanya kazi kila usiku kwa miaka 40. Iheshimu kwa hilo, lakini weka gharama ya kuikaza kwenye hesabu. Resori za asili ni za chuma chenye rangi ya buluu iliyoiva. Zenye kutu zitakatika moja moja, kwa kawaida katikati ya wimbo. Raba au mpira wa baiskeli ukiwa umefungwa kusaidia kle irudi, hesabu resori hiyo imekufa.

Hatua ya sita: tafuta inapovuja

Omba ruhusa ya kuingia chumba chenye giza, au rudi jioni. Umeme ukikatika, basi umepata giza la bure. Ingiza ndani ya mwili uzi wa taa ndogo za LED, zile za kupambia, ukizifunika kwa kitambaa chembamba zisikwaruze. Funga kle moja moja kwa mguso mwepesi, kama unavyopuliza, siyo kwa kubana. Mwanga ukichungulia pembeni ya tamponi, hewa nayo inapita hapo. Zunguka mzima, kwa sababu tamponi inaweza kufunga mbele na kuacha nyuma.

Kwa uhakika zaidi tumia ukanda wa kaseti ya zamani. Ule wa kaseti ya dakika 60 una unene wa maikroni 18 hivi, mwembamba kuliko karatasi yoyote uliyo nayo nyumbani. Kata kipande cha upana wa milimita chache, kiweke kati ya tamponi na mdomo wa tundu, funga kwa wepesi, vuta. Kiwe kizito sawasawa pande zote. Upande kinapoteleza ndipo panapovuja. Nimewafundisha vijana watatu njia hii na sasa wanatengeneza wenyewe.

Kama tamponi ni ngumu, nyeusi, zimepasuka, usipoteze muda kuzihesabu moja moja. Zote zinabadilishwa. Saksafoni ina tamponi zaidi ya ishirini, kila moja na kipimo chake cha milimita, na hapa Lubumbashi lazima ziagizwe kutoka nje.

Hatua ya saba: ipulize

Nenda na beki yako na anshi yako uliyoizoea. Hili silegezi. Ukipuliza kwa beki ya mwenye mali unapima vitu vitatu vigeni kwa wakati mmoja. Na kumbuka kwamba sauti uliyoipenda kwenye sahani ilitoka nusu kwenye beki: Coltrane alitumia Otto Link ya chuma, Sanborn Dukoff ya chuma. Hao wangetambulika hata kwenye saksafoni ya kuazima.

Ipashe moto kwanza. Asubuhi za Juni na Julai hapa zina baridi kali, na chombo baridi kinalia chini. Puliza dakika tano ukitembeza nota za kati, ndipo uwashe programu ya kipimo cha nota kwenye simu. Kipimo kinasoma sauti halisi, siyo jina la nota unayoishika kwa vidole, kwa hiyo ukipuliza nota fa diezi kwenye alto kinaonyesha nota la, na kwenye tenor unapata nota la hiyo kwa kupuliza nota si.

Sasa anza kwenye sol ya kati, shuka nota moja moja mpaka si bemoli ya chini kabisa, polepole, bila kukaza midomo. Zikitoka kwa upole mpaka chini, mwili unafunga. Ukilazimika kupuliza kwa nguvu kuanzia nota fulani, kinachovuja kiko juu yake. Kwenye alto za Mark VI hasa, utasikia nota za chini, si na si bemoli, zikigugumia kama maji kwenye chupa. Usishtuke wala usimwachie muuzaji aone umeshtuka. Ni tabia inayojulikana ya alto hizi. Ziba uvujaji wote kwanza, sogeza beki ndani kidogo, na ikibaki, koki ndogo iliyodondoshwa kwenye pinde ya chini huituliza. Dawa inaonekana ya kitoto lakini inafanya kazi.

Panda juu. Re na mi za oktava ya pili zina tabia ya kukwea, do diezi ya kati ina tabia ya kushuka. Hayo ni ya saksafoni nyingi na Mark VI haikupona. Kupishana kidogo kunasahihishwa na mdomo. Nota mbili jirani zikipishana mno, rudi kwenye bokali na mibonyeo.

Kisha weka simu mfukoni na upige wimbo unaoujua usingizini. Mimi hupiga sebene la taratibu, mara tatu: kwa sauti ya chini, ya kati, na kwa nguvu zote. Mark VI ilimaliziwa kwa mikono, na mbili zilizofuatana kiwandani zinaweza kuwa na tabia tofauti. Kwa hiyo swali la mwisho unalijibu wewe mwenyewe: ukiongeza pumzi, inakupa zaidi, au inagota? Mwombe mwenzako akae mbali, uani, akusikilize kutoka huko. Inayovuma masikioni mwa mpulizaji si lazima ifike kwa mwenye kucheza.

Hatua ya nane: bei

Kwenye soko la nje, alto nzuri ni dola elfu kadhaa, na tenor ya miaka ya 1950 au mwanzo wa 1960 yenye vanishi ya asili huvuka dola 10,000. Matengenezo kamili Ulaya au Marekani hupita dola 1,000. Muuzaji wako ameziona namba hizo kwenye simu yake. Mwonyeshe kwa upole, ukanda wa kaseti mkononi, kile ulichokiona, na utoe gharama ya tamponi, resori na fundi kwenye bei. "Papa, jina nimelikuta, nalipia. Lakini bokali imeshuka, njoo uguse hapa." Mwenye busara atagusa na mtapatana. Andikianeni karatasi yenye namba ya chombo, majina, tarehe, sahihi na mashahidi wawili. Kama una safari ya kuvuka Kasumbalesa kwenda kupiga Zambia, karatasi hiyo itakuokoa na maswali.

Ikiwa bei imekushinda, usilie. Yamaha 62 ilijengwa kwa mawazo yale yale, na Mark VII imesemwa vibaya kuliko inavyostahili: kle zake za kidole kidogo ni kubwa, hilo tu, na mwenye mkono mpana huzifurahia. Ukionyeshwa saksafoni ya Kimarekani ya kabla ya miaka ya 1930, tafuta herufi karibu na namba. L ni sawa. H ni ya kipimo cha juu cha zamani, haitakubaliana na gitaa wala kinanda, iache hata kwa bure.

Hatua ya tisa: wiki tatu za kwanza

Usiipeleke kung'arishwa. Usiipake Brasso, inakula vanishi na kuganda kwenye vyuma vya kle. Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha, na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo kwa bokali na beki peke yake. Kwenye maungio ya kle tia tone la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano, lisifike kwenye tamponi. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na mafuta mengi linakuwa msasa.

Suuza mdomo kabla ya kupuliza kama umekunywa Fanta au bia. Sukari ndiyo inayofanya kle ya sol diezi ing'ang'anie. Ikishang'ang'ania, weka karatasi nyembamba chini ya tamponi, funga, fungua, iondoe bila kuivuta kwa nguvu. Baada ya kupiga, pitisha kitambaa ndani ya mwili, na kasha liache wazi saa moja kabla ya kulifunga.

Ukiingiza beki, shika bokali karibu kabisa na koki, usishike kwenye mwili wa saksafoni.

Tamponi mpya hukaa polepole. Zikishawekwa, piga kwa siku 14 kama kawaida, kisha rudi kwenye giza na uzi wako wa taa. Utakuta mbili tatu zimeanza kuachia mwanga, mara nyingi zile za juu. Peleka kwa fundi yule yule, ukiwa umeandika kwenye karatasi ni zipi na upande upi, na ukae naye mpaka amalize.